UZI: Ronaldinho Gaucho, mchezaji aliyeshangiliwa na wapinzani na kuzomewa nyumbani kwao

Wakuu, kila mjadala wa wachezaji bora wa miaka ya 2000 unapofika kwa Ronaldinho, hukumu hutoka upesi na hutoka ileile: kipaji kikubwa, nidhamu ndogo, misimu michache ya moto pale Barcelona, kisha starehe zikammaliza. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, na sitajaribu kuufuta. Lakini imetolewa na watu waliomfuatilia Ulaya peke yake, na inaacha nje mambo mawili ambayo bila hayo huwezi kueleza kwa nini mtu huyu anapendwa mno mpaka leo. La kwanza ni kwamba mashabiki wa timu pinzani walisimama kumpigia makofi katika viwanja ambavyo mgeni hupokewa kwa matusi. La pili ni kwamba mji mmoja uliokataa kabisa kumsamehe ni uleule uliomzaa na kumlea.

Nianze na huo mji. Ronaldo de Assis Moreira, ndilo jina kamili la Ronaldinho, alizaliwa tarehe 21 Machi 1980 Porto Alegre, mji mkuu wa jimbo la Rio Grande do Sul, kusini kabisa mwa Brazil. Familia yao haikuwa na uwezo. Baba yake, João, alifanya kazi kwenye karakana ya meli na siku za mechi alikuwa mlinzi katika uwanja wa Grêmio, klabu ya mji huo. Kaka yake mkubwa, Roberto Assis, ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba, kwa kuwa alichipukia katika timu ya vijana ya Grêmio na klabu ikaona kwake nyota wa baadaye. Ili kumbakisha, Grêmio waliwapa nyumba nzuri yenye bwawa la kuogelea. Ni katika bwawa hilo ambamo baba alifariki, Ronaldinho akiwa na umri wa miaka minane.

Naomba mkikumbuke kisa hicho tutakapofika kwenye ugomvi, kwa sababu wengi huusimulia kama habari ya fedha tu. Klabu ileile iliyoitoa familia hii katika umaskini ndiyo iliyowapa nyumba aliyofia baba. Kuanzia hapo Assis akawa kaka, baba na baadaye wakala, na hakuna uamuzi mkubwa wa maisha ya mdogo wake uliopita bila mkono wake.

Kuhusu ufundi wake, wengi husema alizaliwa nao. Sawa, lakini alikulia pia katika soka la ukumbini, ambako uwanja ni mdogo, mpira ni mzito na haudundi sana, na mchezaji hulazimika kuumiliki kwa wayo wa kiatu huku mpinzani akiwa hatua moja mbele yake. Mengi tuliyoyaona baadaye Camp Nou, uwanja wa Barcelona, yanatoka huko: kuuvuta mpira kwa wayo, kutoa pasi bila kuinua mguu nyuma, na ile chenga ya kuusukuma mpira kwa upande wa nje wa mguu kisha kuurudisha ndani kwa mguu uleule kabla beki hajabadilisha uzito wa mwili. Mwaka 1997 alikuwa katika kikosi cha Brazil kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Misri, na mwaka uliofuata akaanza kuchezea kikosi cha wakubwa cha Grêmio.

Juni 1999 ikaja fainali ya ubingwa wa jimbo, Grêmio dhidi ya Internacional, mahasimu wa mji mmoja. Upande wa Internacional alikuwepo Dunga, nahodha aliyeinua Kombe la Dunia mwaka 1994, mtu mzima aliyeheshimiwa nchi nzima. Kijana wa miaka 19 akampiga chenga ile niliyoieleza, na mara nyingine akamvisha kanzu, mpira ukapita juu ya kichwa na yeye akazunguka kuuchukua upande wa pili. Grêmio wakashinda 1-0 kwa bao lake. Muda mfupi baadaye akaingia timu ya taifa kwenye Copa América, mashindano ya mataifa ya Amerika Kusini, nchini Paraguay na kuwafunga Venezuela bao ambalo lilianza kwa kumpaisha beki mpira juu ya kichwa. Brazil nzima ikajua kwamba kuna Ronaldo mwingine, huyu wa kusini, na jina la Gaucho, yaani mtu wa Rio Grande do Sul, likamkaa hata sisi huku tukalichukua.

Sasa ugomvi wenyewe. Mwaka 1998 Brazil ilipitisha sheria inayojulikana kama Sheria ya Pelé, kwa sababu Pelé ndiye aliyekuwa waziri wa michezo ilipoandaliwa. Kabla ya hapo klabu ilimmiliki mchezaji hata mkataba wake ulipokwisha. Sheria hiyo ilifuta mfumo huo, na kipengele chenyewe kilianza kufanya kazi mwaka 2001. Mkataba wa Ronaldinho na Grêmio ulikuwa unamalizika wakati huohuo. Klabu ilikuwa imekataa kumuuza, ikiamini kwamba ataongeza mkataba, lakini yeye na Assis wakasaini makubaliano na Paris Saint-Germain. Grêmio wakaenda kulalamika FIFA, kijana akakaa miezi kadhaa bila kucheza, na mwisho klabu ikapata fidia iliyokuwa ndogo mno ukilinganisha na thamani yake.

Mimi nawaelewa pande zote mbili. Kisheria mchezaji alikuwa huru, na hakuna sababu ya mtu kufungwa na mwajiri wake maisha yake yote. Lakini shabiki wa Grêmio aliyemwona tangu akiwa mtoto hakuangalia vifungu vya sheria. Aliona mtoto wa nyumbani ameondoka usiku bila kuaga. Jeraha hilo halijapona, na kama tutakavyoona, lilitoneshwa tena miaka kumi baadaye.

Paris nitapita haraka. Misimu miwili, mabao ya kupendeza, migogoro na kocha Luis Fernandez, hakuna ubingwa. Kilicho kikubwa cha kipindi hicho ni Kombe la Dunia la 2002. Katika robo fainali dhidi ya Uingereza mjini Shizuoka, Michael Owen alitangulia kufunga. Kabla ya mapumziko Ronaldinho akakimbia na mpira katikati ya uwanja, akamwacha Ashley Cole akiyumba, na kumpa Rivaldo pasi ya bao la kusawazisha. Dakika ya 50 akapiga mpira wa adhabu kutoka mbali upande wa kulia, ukampita David Seaman aliyekuwa ametoka mstarini na kutua kwenye pembe ya juu. Ubishi wa kama alikusudia haujaisha mpaka leo. Yeye mwenyewe amewahi kusema kwamba alilenga lango, ingawa huenda si pale hasa mpira ulipoingilia. Dakika saba baadaye akapewa kadi nyekundu. Akaikosa nusu fainali, akarudi kwenye fainali ya Yokohama, na Brazil wakawafunga Ujerumani 2-0.

Naendelea.

Wanaosema kwamba Barcelona walikuwa wakubwa siku zote hawakumbuki hali ya mwaka 2003. Klabu ilikuwa imemaliza ligi katika nafasi ya sita, haikuwa na kombe tangu ubingwa wa 1999, na rais mpya, Joan Laporta, alikuwa amewaahidi wanachama David Beckham, ambaye akaenda Real Madrid. Ronaldinho, aliyekuwa akitakiwa pia na Manchester United, ndiye aliyeletwa badala yake. Mechi yake ya kwanza ya ligi pale Camp Nou ilikuwa dhidi ya Sevilla, tarehe 3 Septemba 2003, na ilianza saa sita na dakika tano usiku, kwa sababu Sevilla walikataa kucheza siku moja kabla na Barcelona hawakutaka kuwakosa wachezaji wao waliokuwa wanaondoka kujiunga na timu za taifa. Watu takriban 80,000 walikuja saa hizo za usiku. Wakiwa nyuma kwa bao moja, Ronaldinho alipokea mpira katika nusu yake mwenyewe, akawapita wawili, akaachia shuti kutoka mbali. Mpira ukagonga mtambaa wa panya kwa chini, ukadunda na kuingia. Matokeo yalikuwa 1-1 tu, lakini watu waliondoka wakijua kwamba mambo yamebadilika.

Yaliyofuata mnayajua: ubingwa wa Hispania 2005 na 2006, tuzo ya mchezaji bora wa dunia ya FIFA 2004 na 2005, Ballon d'Or ya 2005, na Ligi ya Mabingwa iliyotwaliwa Saint-Denis tarehe 17 Mei 2006 dhidi ya Arsenal. Nataka nikae kwenye matukio mawili ambayo vikombe havielezi.

La kwanza ni bao la Stamford Bridge, Machi 2005. Barcelona walifungwa 4-2 na Chelsea na kutolewa, kwa hiyo ni bao la mtu aliyeshindwa, na bado ndilo ambalo ulimwengu unalikumbuka kutoka usiku ule. Ronaldinho anapokea mpira ukingoni mwa eneo la hatari, mbele yake kuna ukuta wa mabeki. Anasimama. Mpira hausogei. Anatikisa kiuno na kupitisha mguu juu ya mpira kama anayetaka kuanza kitu, mabeki wanaganda wakisubiri aanze, kisha anaupiga kwa ncha ya kidole bila kurudisha mguu nyuma hata kidogo. Petr Čech, kipa bora kabisa wa wakati ule, hakupata hata muda wa kuruka. Kwa kawaida mlinda mlango husoma shuti kwenye mwendo wa mguu kabla halijapigwa. Hapa hapakuwa na cha kusoma. Soka la ukumbini lilionekana waziwazi katika mguso ule mmoja.

La pili ni Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, tarehe 19 Novemba 2005. Eto'o alifunga la kwanza, kisha kipindi cha pili Ronaldinho akafunga mawili yanayofanana, yote akitokea kushoto, akimwacha Sergio Ramos kwa kasi na kummaliza Casillas. Baada ya lile la tatu, mashabiki wa Real Madrid walisimama na kumpigia makofi. Kamera ikamwonyesha mwanamume wa makamo mwenye masharubu akipiga makofi pamoja na kijana aliyekuwa kando yake. Kwa uhasama wa timu zile, mchezaji wa Barcelona wa mwisho kupata heshima hiyo uwanjani hapo alikuwa Maradona, mwaka 1983. Wachezaji wengi wamefunga mabao Bernabéu. Ronaldinho alipata makofi kwa sababu mtazamaji hakuhisi kwamba anadharauliwa. Chenga zake hazikuwa za kumfedhehesha mtu. Alicheza akitabasamu, na aliyefungwa alijikuta naye ameshirikishwa katika furaha ile. Hii ndiyo tafsiri yangu, na naisimamia.

Niongeze pia habari ya Messi, kwa sababu inaeleza moyo wake. Tarehe 1 Mei 2005, dhidi ya Albacete, Messi akiwa na miaka 17 aliingia dakika za mwisho. Ronaldinho akampa pasi ya juu iliyowavuka mabeki, Messi akamchopia kipa, mwamuzi akakataa kwa kuotea. Muda mfupi baadaye wakarudia kitu kilekile na bao likakubaliwa, la kwanza la Messi katika kikosi cha wakubwa, na Ronaldinho akambeba mgongoni. Alikuwa mchezaji bora wa dunia wakati ule, na alimshughulikia mrithi wake kama mdogo wake wa damu.

Kushuka kulianza katika Kombe la Dunia la 2006. Brazil walikwenda Ujerumani na Ronaldo, Adriano, Kaká na Ronaldinho mbele, wakatolewa na Ufaransa katika robo fainali, na Ronaldinho hakufunga hata bao moja. Mjini Chapecó, kusini mwa Brazil, sanamu yake kubwa ilichomwa moto. Misimu miwili iliyofuata mwili ulikuwa mzito na mazoezi yalipungua. Hapa wakosoaji wake wana haki kabisa. Mwaka 2008 Pep Guardiola alipochukua timu, alitangaza kwamba hamhitaji, na Ronaldinho akaenda Milan.

Milan ilikuwa nusu kwa nusu. Msimu wa 2009–10, chini ya Leonardo, alicheza vizuri na kutengeneza mabao mengi, na Wabrazili wengi walitaka aitwe kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Kocha wa taifa alikuwa Dunga, yuleyule wa kanzu ya 1999, naye hakumwita. Sisemi kwamba ilikuwa kisasi, kwa kuwa Dunga alikuwa na timu yake iliyoshinda Copa América na Kombe la Mabara bila Ronaldinho kuwa nguzo. Lakini ndiyo sababu Brazil ilipokuja Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 7 Juni 2010 na kuifunga Taifa Stars 5-1, walikuja Kaká na Robinho, na Jabir Aziz akatupatia bao letu moja, lakini Gaucho hakuwepo. Watu wengi wa hapa wangelipa kiingilio kwa ajili yake peke yake.

Januari 2011 akaamua kurudi Brazil, na hapo ndipo kidonda cha Porto Alegre kilipotoneshwa. Grêmio waliamini kabisa kwamba anarudi kwao, maandalizi ya mapokezi yakaanza hadi vipaza sauti vikafungwa uwanjani, kisha akasaini Flamengo ya Rio de Janeiro. Oktoba mwaka huohuo alirudi Olímpico, uwanja wa Grêmio wa wakati ule, akiwa na jezi ya Flamengo. Alizomewa kila alipogusa mpira, na Grêmio wakashinda 4-2. Kwa hili simtetei. Mara ya kwanza kulikuwa na sheria, ujana na kaka anayeamua. Mara ya pili alikuwa na miaka 30 na alijua anachokifanya.

Flamengo ilimpa usiku mmoja mkubwa, ule wa 5-4 dhidi ya Santos ya Neymar, aliofunga mabao matatu, moja likiwa mpira wa adhabu aliopitisha chini ya ukuta baada ya mabeki kuruka. Kisha ugomvi wa mishahara ukaishia mahakamani. Katikati ya mwaka 2012, wakati karibu kila mtu alishamzika kisoka, akatua Atlético Mineiro ya Belo Horizonte.

Naendelea na sehemu ambayo naona wengi wetu hatukuifuatilia, kwa sababu mechi zilichezwa usiku wa manane kwa saa zetu.

Atlético, ambao mashabiki wao huwaita Galo, yaani Jogoo, walikuwa klabu kubwa yenye watu wengi na vikombe vichache. Ubingwa wao mmoja wa taifa ulikuwa wa mwaka 1971. Ronaldinho alichagua jezi namba 49, mwaka aliozaliwa mama yake, Dona Miguelina, ambaye wakati ule alikuwa akiugua. Hakuwa tena na mbio. Kocha Cuca akamweka nyuma ya washambuliaji, akamzungushia vijana wenye kasi kama Bernard, na kumwachia kazi ya kufikiri.

Mfano mmoja unatosha. Februari 2013, katika mechi ya Copa Libertadores, yaani klabu bingwa Amerika Kusini, dhidi ya São Paulo, mchezo ulisimama kidogo na Ronaldinho akamwendea kipa wa wapinzani, Rogério Ceni, akamwomba maji. Ceni akampa chupa. Mabeki wakamsahau. Atlético wakarusha mpira, naye akaupokea akiwa peke yake ndani kabisa ya eneo la wapinzani, kwa kuwa mpira wa kurusha hauna kuotea, akatoa krosi ya chini na mshambuliaji Jô akafunga. Mtu anayeitwa mvivu alikuwa ameisoma sheria ya mchezo na akili za watu kumi na mmoja kwa mkupuo mmoja.

Mashindano yale yalikuwa ya roho mkononi. Robo fainali, dakika za nyongeza, kipa Victor aliokoa penalti ya Tijuana ya Mexico kwa mguu. Nusu fainali waliwatoa Newell's Old Boys kwa mikwaju ya penalti. Fainali walifungwa 2-0 na Olimpia ya Paraguay kule Asunción, wakarudi uwanja wa Mineirão, Belo Horizonte, tarehe 24 Julai 2013 huku uwanja mzima ukiimba kwamba unaamini, wakasawazisha kwa mabao ya Jô na Leonardo Silva, hilo la pili likija dakika ya 87, na kushinda kwa penalti 4-3. Ndilo Kombe la Libertadores la kwanza katika historia ya klabu. Ronaldinho akawa mchezaji bora wa Amerika Kusini mwaka huo, na mtu pekee mwenye Kombe la Dunia, Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, Libertadores na Ballon d'Or kwa pamoja. Anayesema kwamba alikwisha mwaka 2008 na awaambie hayo watu wa Belo Horizonte.

Desemba 2013 Atlético walikwenda Morocco kwenye Kombe la Dunia la Klabu na kufungwa 3-1 na Raja Casablanca mjini Marrakech, Ronaldinho akifunga kwa mpira wa adhabu. Kipyenga cha mwisho kilipolia, wachezaji wa Raja, ambao walikuwa wameshinda mechi kubwa kuliko zote za maisha yao, walimkimbilia yeye badala ya kukimbiliana, wakagombea jezi na kumvua mpaka viatu. Naye alitulia akawaachia. Aprili 2015, akiwa na Querétaro ya Mexico, aliingia mwishoni mwa mechi pale uwanja wa Azteca, akawafunga wenyeji, klabu ya América, mabao mawili, na mashabiki wa América wakasimama kumpigia makofi. Alikuwa na miaka 35.

Baadaye alipita Fluminense kwa muda mfupi, na Januari 2018 Assis ndiye aliyetangaza rasmi kwamba mdogo wake amestaafu. Machi 2020 yalitokea ya Paraguay, ambako yeye na Assis walikamatwa kwa kutumia pasipoti za kughushi, wakakaa gerezani zaidi ya mwezi mmoja na kisha kizuizini hotelini hadi Agosti. Lilikuwa jambo la aibu, na linatilia nguvu hoja kwamba kuacha kila kitu mikononi mwa kaka kulikuwa na gharama yake. Februari 2021 Dona Miguelina alifariki kwa UVIKO-19, na salamu za rambirambi zilitoka kwa klabu nyingi.

Kuna mashabiki wa Grêmio ambao kwa miaka sasa wanabishana kama apewe mechi ya kumuaga. Klabu ilihamia uwanja mpya, Arena do Grêmio, Desemba 2012, na hajawahi kuichezea humo. Mei 2024, mafuriko makubwa yalipoikumba Rio Grande do Sul na Porto Alegre kuzama, alicheza mechi ya hisani katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, kuwachangia waathirika. Wapo walioona kwamba hilo limefuta deni, na wapo wasiotaka hata kulisikia jina lake. Mimi nipo upande wa wanaotaka aagwe, na aagwe mbele ya uwanja uliojaa, hata kama nusu ya watu watakuja kumzomea. Wenzangu mnaofuatilia ligi ya Brazil kwa karibu, karibuni mseme mnavyoona.